Mke wa Karatasi

Shemeji yangu Tursunali aliishi na mke miaka kumi na sita, na hakuna mtu aliyewahi kumwona. Jina walimpa wenzake kiwandani: mke wa karatasi. Kila siku ya mshahara, kiwanda cha hariri hapa Margilan kilimkata rubli nane na kopeki arobaini, sita katika kila mia, kwa sababu alikuwa mwanamume aliyepita miaka ishirini na hana mtoto. Ilikuwa sheria ya Usovieti nzima, haikumwonea yeye. Lakini karakana yao ya mafundi mitambo ilikuwa na wanaume kumi na wanne, na kumi na watatu walikuwa baba za watu, basi makato yale yalibaki ya Tursunali peke yake.

"Mkeo kapita," walimwambia wakichungulia karatasi yake ya mshahara. "Kachukua posho yake, kaondoka, hata salamu hakukuachia."

"Ana adabu zake," Tursunali hujibu. "Wangu anachukua sita kwa mia. Wa kwako anachukua ngapi?"

Hapo wote hucheka, na anayecheka kuliko wote ni yule aliyeulizwa.

Maneno haya aliyaleta nyumbani mume wangu Kobil, aliyefanya kazi kiwanda hicho hicho, mdogo wake Tursunali, ambaye alioa kabla ya kaka yake. Kwetu hilo halifanyiki. Mkubwa akiwa bado, mdogo anasubiri hata ndevu zimfikie kifuani. Ila Tursunali mwenyewe ndiye aliyelazimisha. Baba yao alifariki Tursunali akiwa na miaka ishirini na miwili. Akamsomesha Kobil, akajenga upya ukuta wa nyuma ulioanguka, akanunua mchele na kondoo wa harusi yetu. Siku ya harusi alibeba sufuria la pilau yeye na mtu mwingine, watu wakamuuliza njiani, "Na wewe je, lini?" Akawaambia sufuria ni zito, wampishe.

Mama mkwe wangu, Bibi Inoyat, alikuwa na hesabu yake.

"Ng'ombe watatu na ndama," alimwambia kila mwisho wa mwezi, akimmiminia chai. "Hao ndio ulioipa serikali mpaka leo. Ungeoa, wangekuwa wamefungwa pale."

"Serikali haijawahi kuniuliza natoka wapi saa hizi, mama."

"Ingekuuliza ungesema nini? Huendi popote."

Kweli, hakuwa akienda popote. Kiwandani, nyumbani, juu ya paa kugeuza matunda ya mishmishi yaliyoanikwa, basi. Alikuwa mwoga wa wanawake kama wengine wanavyoogopa nyuki. Alipokuwa na miaka ishirini na minne walimpeleka kumwona binti mmoja mtaa wa pili. Akakosa la kusema, akanywa chai bakuli kumi na moja, akauliza choo kiko wapi, akaruka ukuta akarudi nyumbani. Habari hiyo husimuliwa katika kila harusi ya ukoo wetu, baada ya pilau na kabla ya ngoma.

Mimi nilimpenda kama kaka yangu wa tumbo moja. Akirudi kazini alikohoa mlangoni kwanza, ili nipate kuweka kitambaa changu sawa. Mwanangu Robiya alipozaliwa, alifunga springi ya mtambo mbovu kwenye susu ya mtoto, ikawa ukiisukuma mara moja inabembea mpaka unamaliza kukanda unga. Majirani walikuja kuitazama. Yeye alipanda juu ya paa.

Sasa nieleze ya ufagio.

Mkaza mwana wa nyumba huamka kabla ya wote. Anafagia ua, anafungua lango, anafagia na njia iliyo mbele ya lango, ndipo jua limkute ameshanawa mikono. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano, matunda ya forsadi yameiva yanaanguka yenyewe, na njia yetu yote ni madoa meusi na nzi. Robiya alikuwa anaota meno. Usiku mzima sikulaza mgongo, nilimbeba, nilimwimbia, nilimlilia kidogo na mimi. Kulipoanza kupambazuka nilitoka na mtoto begani na ufagio mkononi, nikamkuta Tursunali uani anavaa viatu, ana zamu ya asubuhi.

Alinitazama, akamtazama mtoto, akautazama ufagio.

"Lete huo," akasema.

"Shemeji, wewe mwanamume. Watu watasema nini?"

"Watu wamelala. Na wewe kalale. Ukianguka na huyo mtoto, mama atanihesabia na hilo pamoja na ng'ombe."

Nikampa. Mungu anisamehe, nilimpa kabla hajamaliza kusema. Nililala kama gogo, na Robiya juu ya kifua changu akalala vile vile.

Niliamshwa na sauti ya jirani yetu, Mama Sharofat, ambaye lango lake ni la tatu ukihesabu na letu. Letu, halafu la fundi Ergash mpiga bati, halafu la kwake. Alikuwa amekaa na mama mkwe wangu kwenye kitanda cha uani, kavaa kitambaa chake cha sikukuu, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado changa. Nikaleta chai, nikainama kuwasalimu, nikasimama pembeni.

Mama Sharofat akasifia hali ya hewa. Akasifia mkate wetu. Akasifia viwavi wa hariri tuliowafuga ndani kwa namna walivyonenepa, na alikuwa hajawaona.

"Haya, mwenzangu," akasema mwishoni, akilifuta bakuli ambalo lilikuwa safi. "Tumeamka leo, tumekuta kizingiti chetu kimefagiwa."

Mama mkwe wangu alikuwa anamega mkate. Mkono ukasimama.

Zamani za bibi zetu, posa ilianza hivyo. Mama wa kijana au mtu wa kwao alikwenda alfajiri akafagia kizingiti cha nyumba yenye binti, akaondoka. Wenye nyumba wakiamka, wanajua wanatakwa, na wanajua ni nani, maana jirani mmoja lazima kaona. Siku hizi watu huja na mikate na halua mchana kweupe, lakini maana ya kizingiti kilichofagiwa na mgeni haijasahaulika. Na Mama Sharofat alikuwa na binti mmoja, Oydin, mfumaji wa kiwanda kile kile cha hariri, miaka ishirini na tisa.

"Fundi Ergash alikuwa juu ya paa lake," akaendelea Mama Sharofat. "Kamwona kwa macho yake. Mwanao mwenyewe, na ufagio mwenyewe. Hakumtuma mtu. Baba yake Oydin amesema hajapata kuona kijana mwenye heshima hivyo."

Kijana alikuwa na miaka thelathini na sita na mvi nne. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa hajui lolote, uso wake ulinionyesha. Lakini mwanamke aliyesubiri miaka kumi na sita, hata kama ungekuwa ni upepo uliofagia, angesema upepo ni wa kwao.

"Ndiyo," akasema, taratibu kama malkia. "Alikuwa na hamu, hakutaka kutuma mtu."

Mama Sharofat alipotoka tu, mama mkwe akanigeukia. "Muyassar, mwanangu, wewe ndiye unayefagia. Nieleze."

Nikamweleza yote, machozi yakinitoka, kwamba mimi ndiye niliyempa ufagio. Nilidhani atanigombeza. Akanishika mashavu kwa mikono yenye unga, akanibusu kwenye paji la uso. Halafu akakaa chini.

"Kama alifagia akapitiliza tu kwa kuwaza mambo yake, tumemwua yule binti," akasema.

Hapo furaha ya busu lile ikanitoka. Miaka mitatu nyuma, watu wa mji wa Ferghana walikwenda kumtaka Oydin. Walikunywa chai, walisifia vitambaa alivyofuma, wakasema watarudi Alhamisi. Mpaka leo Alhamisi hiyo haijafika. Watu walikuwa wakimtania wakitabasamu, "Oydin, leo siku gani?" Ikitokea mara ya pili, kizingiti kimefagiwa na mwenye ufagio anasema sikukusudia, hakuna tena atakayegonga lango lile.

Nilichukua ndoo, nikatoka kama ninayekwenda mferejini kuteka maji. Sikuwa na haja ya maji. Nilitaka kuona njia. Nilitembea polepole, nikatazama chini, nikarudi. Nilichokiona nilikiweka kifuani, maana mkaza mwana hafungui mdomo kabla hajaulizwa.

Kiwandani habari ilimtangulia. Kobil alitusimulia baadaye. Tursunali alipoingia karakana baada ya chai ya saa nne, wenzake kumi na watatu walikuwa wamesimama mstari, kofia mkononi.

"Tumesikia unataka kumwacha mke wa karatasi," mmoja akasema. "Mwanamke wa watu, hajakukosea kitu."

"Nani kasema?"

"Kizingiti kimesema."

Kobil anasema rangi yake ilikwenda, ikarudi, ikaenda tena. Aliacha bisibisi ndani ya mtambo, na mtambo huo ulifuma kitambaa chenye mstari mbaya mpaka jioni.

Alirudi nyumbani mchana, akasahau kukohoa mlangoni, akapanda moja kwa moja juu ya paa. Mama yake alimwita mara tatu. Akasema anageuza mishmishi. Mwezi wa tano hakuna mishmishi juu ya paa, zote ziko mtini na kijani.

Alasiri Oydin akaja mwenyewe.

Hilo nalo halifanyiki. Mwanamke aliyeposwa hukaa ndani akijifanya hajui. Yeye alikuja na mavazi ya kazi, nyuzi za hariri zimenasa kwenye mkono wa gauni, na nyuma yake mama yake anamvuta kitambaa, "Rudi, mwanangu, rudi, utatuaibisha." Nyuma ya mama yake, fundi Ergash na nyundo yake, ambaye alisema amekuja kutazama birika letu kama linavuja. Birika letu lilikuwa halivuji.

"Salamu kwako, mama," Oydin alimwambia mama mkwe wangu, akainama vizuri. "Nataka kumwuliza kaka Tursunali neno moja, halafu nitaondoka."

"Tursunali," mama mkwe akaita. "Shuka, au nikupandie mimi na magoti yangu haya."

Akashuka. Ngazi ina vidato tisa, ilimchukua muda wa kuchemsha yai. Akasimama mbele ya Oydin akitazama viatu vyake.

"Kaka Tursunali," Oydin akasema, na sauti yake ilitulia kuliko ya sisi wote, "mimi nimeshasubiri Alhamisi moja, sitasubiri ya pili. Kama ulipitiliza tu, sema hapa hapa. Sitakasirika. Nitachukua vumbi kwa mikono yangu nikalimwage kizingitini kwetu, pawe kama palivyokuwa, na fundi Ergash atasema macho yake yana ukungu."

"Naweza kusema hivyo," fundi Ergash akakubali. "Ni kweli yana ukungu kidogo."

Tukangoja. Robiya alikuwa mikononi mwangu anatafuna ncha ya kitambaa changu. Nilimtazama Tursunali. Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka yanaangaza. Nikajua anatafuta ukuta wa kuruka.

"Nilikuwa nawaza kazi," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Zamu ya asubuhi. Nilifagia, nikapitiliza. Nisamehe."

Mama Sharofat akaachia kitambaa cha binti yake. Mama mkwe akafumba macho. Oydin akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei na hana pesa.

"Sawa," akasema. "Ahsante kwa kusema."

Akageuka. Alikuwa amefika langoni, na mimi nikasikia mtu anasema, "Hakufagia kwa fundi Ergash," na mtu huyo nilikuwa mimi.

Wote wakanitazama. Tangu niolewe sikuwa nimesema neno mbele ya wakubwa bila kuulizwa. Nikamkumbatia Robiya ili nipate kitu cha kushika, nikaendelea, kwa kuwa nilishaanza.

"Mimi nafagia njia hii kila siku, naijua. Mtu akipitiliza kwa kuwaza, ufagio unakwenda moja kwa moja, kwetu, kwa fundi, halafu kwa Mama Sharofat. Leo asubuhi nimetazama. Kwetu pamefagiwa. Kwa fundi Ergash forsadi zimelala vile vile na nzi wake, hata moja haijaguswa. Halafu kwa Mama Sharofat pamefagiwa tena. Ameruka lango zima."

"Kweli," fundi Ergash akasema. "Nilikuwa nataka kuuliza nimewakosea nini."

"Na kwetu kafagia pakavu, vumbi limeruka mpaka ukutani," nikasema. Sasa nilikuwa kama maji yaliyopasua mfereji. "Kwa Mama Sharofat kanyunyizia maji kwanza. Matone yalikuwa bado yanaonekana. Ndoo yetu ya pili niliikuta mferejini, imelala. Mtu aliyepitiliza hateki maji."

Halafu Robiya akacheka peke yake, kile kicheko chake cha meno mawili, na Tursunali akaketi chini juu ya kidato cha ngazi, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa karibu.

Oydin alirudi kutoka langoni. Alisimama mbele yake, na sasa ni yeye aliyekuwa mwekundu.

"Kwa nini maji?" akamwuliza.

"Vumbi lisiingie ndani kwenu," Tursunali akaviambia viatu. "Kitanda chako cha kufumia kiko karibu na lango. Nyuzi nyeupe zinashika vumbi."

"Unajuaje kitanda changu kiko wapi?"

"Nasikia. Kila jioni. Najua hata siku ukiwa umechoka, mdundo unabadilika."

Mama mkwe wangu alijiziba mdomo kwa kitambaa. Fundi Ergash aligonga birika kwa nyundo, taratibu, bila sababu.

"Ulitaka nini, sasa?" Oydin akasema. "Ufagie, halafu ukatae?"

"Nilitaka ujue. Halafu nikaogopa umejua."

Oydin alimtazama. Naapa alikuwa anajizuia asicheke, na kicheko kilikuwa kinamtokea puani.

"Haya, nikuulize la pili. Mwanamke asiyeolewa hakatwi mshahara. Mimi leo sikatwi hata kopeki. Nikiolewa na wewe nitakatwa?"

Tursunali akainua macho kwa mara ya kwanza. Suala la makato alikuwa analijua vizuri kuliko suala lolote duniani.

"Utakatwa. Sita kwa mia. Mwanamke mwenye mume na hana mtoto anakatwa kama mwanamume."

"Na wewe je, ukioa wanakuacha?"

"Hawaniachi mpaka tuwe na mtoto."

"Kwa hiyo sasa analipa mmoja, na baada ya harusi tutalipa wawili."

"Ndiyo."

"Na unanitaka hivyo hivyo, na hasara yote hiyo."

"Ndiyo," akasema Tursunali, na hilo alilisema kwa sauti, hata mtu wa mferejini angelisikia.

"Basi angalau leo umesema kweli moja," Oydin akasema. Hapo kicheko kikamshinda, akakaa chini pale pale juu ya kidato, upande wa pili, akacheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye nyuzi.

Mama mkwe wangu hakungoja kingine. Alikimbia, magoti na yote, akaja na mikate miwili, akaiweka mmoja juu ya mwingine. Akashika upande mmoja, Mama Sharofat akashika wa pili, wakaivunja pamoja. Mkate ukishavunjwa hivyo, hakuna anayerudi nyuma. Fundi Ergash, kwa kuwa ndiye mzee aliyekuwapo, aliinua viganja akaomba dua, akapitisha mikono usoni, halafu akaomba kipande kikubwa kwa kuwa njia yake haikufagiwa.

Harusi ilikuwa wakati wa zabibu. Kobil ndiye aliyebeba sufuria la pilau safari hii. Hadithi ya bakuli kumi na moja ilisimuliwa, na Oydin akamwekea bwana harusi bakuli la kumi na mbili mbele ya watu wote, akalinywa. Siku ya mshahara walikatwa wawili. Mafundi wa karakana wakasema mke wa karatasi ni mwanamke wa ajabu, badala ya kuona wivu kamletea mwenzake kazi. Mwezi uliofuata Tursunali alikwenda ofisini na cheti cha ndoa akiwa amekifunga kwenye kitambaa, akisema labda sheria imebadilika tangu aisome. Karani, mama mmoja mnene mwenye miwani, alikisoma chote, akamrudishia.

"Hongera. Lakini cheti ninachokitaka mimi hakitoki ofisi ya ndoa, mwanangu. Kinatoka wodi ya wazazi. Nenda nyumbani."

Akaja nyumbani kutuambia, kwa huzuni kabisa, na hakuelewa kwa nini mama yake na mimi tulilazimika kushikana ili tusianguke.

Cheti hicho kilipatikana mwaka uliofuata, mwezi wa saba. Mtoto wa kike, ana masikio ya baba yake. Analala kwenye susu ile ile ya Robiya, springi bado nzuri. Siku karatasi ya mshahara ilipotoka bila makato, wenzake wa karakana walizima mitambo, wakakaa chini mstari mmoja, wakampa pole ya msiba.

"Alikuwa mke mtulivu," wa kwanza akasema. "Miaka kumi na saba, hatukumsikia akipandisha sauti."

"Hakupenda makuu," akasema wa pili. "Sita kwa mia, hakuongeza hata siku moja."

Tursunali alikaa pamoja nao akapokea pole zote mpaka ya mwisho, akapitisha viganja usoni kama inavyotakiwa. Halafu akaja nyumbani mapema. Alikohoa mlangoni, akachukua ufagio kutoka mkononi mwangu, akatoka nje mchana kweupe, njia imejaa watu, akafagia kwetu, na kwa Mama Sharofat, na katikati, kwa maji na bila kuruka, kwa fundi Ergash.

Fundi Ergash alitoka na nyundo yake akasimama kizingitini, akamtazama.

"Mimi nina wavulana watatu tu," akasema. "Nakuambia mapema, usije ukapata matumaini."